Ukurasa wangu wa zabibu ulifungwa siku 23. Je, nihamie Mastodon?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Mbukwenyi. Mimi ni mama wa miaka 51, mkulima wa zabibu za mvinyo hapa Mpunguzi, Dodoma. Mwaka 2017 nilifungua ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii kwa nia ya kuwaonyesha wanawake wenzangu wa kijijini namna ya kupogoa, kwa kuwa wengi tulikuwa tunakata matawi kwa kukisia. Kidogo kidogo wakaingia wakulima wa Hombolo, Mvumi na Chamwino, kisha wanunuzi, na leo ukurasa una wafuasi wapatao 11,400. Humo zimo picha za majani yenye ugonjwa za kila msimu, bei tulizouzia mwaka hadi mwaka, na maswali ya watu pamoja na majibu yangu. Sina daftari lingine. Ukurasa ule ndio daftari langu.

Mwezi Januari, mvua zikiwa zimekolea na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ukianza kuonekana kwenye majani, nilipima salfa, dawa ya ugonjwa huo, kwenye mizani ya jikoni, ikiwa ndani ya mfuko mweupe wa nailoni, nikaipiga picha ili wenzangu waone kiasi cha kuchanganya kwenye bomba la kupulizia la lita 15. Haikupita saa moja ukurasa ukafungwa, nikaandikiwa kwamba ninauza dawa za kulevya. Nilikata rufaa mara nne, na mara zote jibu lilirudi papo hapo kwa maneno yaleyale, nikaelewa kwamba hakuna binadamu aliyeitazama picha yangu. Siku ya 23 ukafunguliwa bila maelezo na bila kuombwa radhi. Katika siku hizo jirani yangu mmoja, ambaye kila msimu hunitumia picha za mizabibu yake kupitia ukurasa huo, alipulizia dawa ya kuua wadudu wakati shida yake ilikuwa ukungu. Punje zilipasuka na kukauka kwenye vichala, na mavuno yake yakaharibika. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Tangu ukurasa ufunguliwe, ninachoandika kinawafikia watu wachache sana, na kila mara ninashauriwa nilipie ili kionekane. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ameniambia niachane nao nihamie Mastodon, mtandao ambao anasema hauna mwenyewe. Alinifungulia akaunti, na tulipoulizwa tuchague seva akanichagulia yeye, kwa sababu mimi nilikwama. Sasa ni wiki ya tano, nina wafuasi 31, na wa kijijini kwetu ni wawili tu. Mmoja wa hao 31 ni mkulima wa zabibu wa Ureno ambaye ananijibu vizuri sana kuhusu kupogoa. Lakini mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika ananilaumu kwamba ninawakimbia wenzangu, na wengi wao wananiambia kuwa kifurushi cha mitandao ya kijamii wanachonunua hakifungui huko.

Naomba unisaidie. Je, niufunge ukurasa wa zamani? Ni kweli huko hakuna mwenyewe, na kama seva ikizimwa nitakuwa nimeruka mkojo na kukanyaga mavi? Tena wakulima hunitumia namba zao za simu na majina ya kupokelea pesa kwa ujumbe wa faragha. Je, huko ni salama?

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma

JIBU

Dada yangu,

Pole sana, na umfikishie pole zangu jirani yako. Usijibebeshe lawama ya mavuno yake, kwa sababu aliyefunga mlango hukuwa wewe. Lakini ninaelewa kwa nini inakuuma: watu walikuwa wamezoea kupata msaada mahali fulani, na siku walipouhitaji zaidi hawakukukuta.

Jibu langu nalitanguliza ili usome mengine ukiwa umetulia. Usiufunge ukurasa wa zamani. Usiiache pia akaunti ya Mastodon. Ila kabla ya kushughulika na kimojawapo kati ya hivyo viwili, ziokoe picha na kumbukumbu zako, kwa maana katika barua yako yote sentensi iliyonitisha ni ile uliyosema kwamba ukurasa ule ndio daftari lako.

Wewe ni mwenyeji wa Dodoma, unaujua mnada wa Msalato. Mtu huenda mnadani kwa sababu watu wako huko, na hakuna ubaya wowote. Lakini sijapata kumwona mkulima anayeacha mazao yake ya mwaka mzima yalale mnadani, chini ya funguo za mtu asiyemjua. Yeye hupeleka debe mbili za kuuza, na ghala linabaki nyumbani. Kwa miaka yote hii ukurasa wako umekuwa mnada na ghala kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ulipofungwa ulikosa watu na ukakosa kumbukumbu siku hiyohiyo. Ukihamishia kila kitu Mastodon utakuwa umebadilisha mnada tu, na ghala bado huna.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya jingine lolote, mwombe kijana wako akae na wewe kwenye kompyuta. Mitandao mikubwa karibu yote ina sehemu kwenye mipangilio inayomruhusu mwenye akaunti kuomba nakala ya taarifa zake na kuipakua. Kwa ukurasa wa miaka mingi wenye picha nyingi faili litakuwa zito, hivyo msilipakue kwa kifurushi cha simu. Tafuteni mahali penye intaneti ya kutosha. Likishafika, liwekeni kwenye flashi mbili, moja ikae kwako na nyingine ikae nyumba tofauti. Kisha chukua daftari la kweli, la karatasi, unakili bei za kila msimu kwa mkono wako. Najua ni kazi ya siku kadhaa, lakini hakuna aliye mbali atakayeweza kulifunga daftari hilo.

Sasa nije kwenye swali la mwenyewe. Kijana wako hakukudanganya, ila amesema kwa kifupi mno. Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, mtayarishaji programu aliyekuwa akiishi Ujerumani. Ni programu huria, yaani mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuichukua bure na kuiendesha kwenye kompyuta yake, na kompyuta hiyo inayohudumia watu ndiyo inayoitwa seva. Zipo seva maelfu, na kila moja ina mwenyewe na kanuni zake. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna mwenyewe. Kweli ni kwamba wenye seva ni wengi, hakuna hata mmoja aliyezishika zote, na wewe unaruhusiwa kumwacha mmoja ukaenda kwa mwingine. Ndiyo sababu mitandao ya aina hii huitwa mitandao iliyogatuliwa, neno ambalo sisi wa Dodoma tumelisikia sana likitumika kwa madaraka yanayotoka wizarani kwenda halmashauri.

Seva hizo huzungumza kwa utaratibu mmoja uitwao ActivityPub, ambao mwaka 2018 uliidhinishwa kuwa kiwango na W3C, chombo cha kimataifa kinachosimamia viwango vya wavuti. Ni kama unavyotuma pesa kutoka mtandao wako wa simu kwenda kwa ndugu aliye mtandao mwingine: wewe huhami, yeye hahami, na pesa inafika. Mkulima wako wa Ureno huenda yuko kwenye seva nyingine kabisa, na bado anaziona picha zako. Utaratibu huohuo unatumiwa pia na Pixelfed, ambayo ni ya picha, na PeerTube, ambayo ni ya video, kiasi kwamba wewe uliye Mastodon unaweza kumfuata mtu wa huko bila kufungua akaunti ya pili.

Kwa upande wa kuonekana, Mastodon haina matangazo ya biashara wala haikuuzii nafasi ya kuonekana. Anayekufuata huona ulichoandika kwa mpangilio wa muda, kipya kikiwa juu. Hakuna mashine inayoamua kwamba wafuasi wako wachache tu ndio wastahili kuiona picha ya ubwiri. Naliona jambo hili kuwa na thamani kubwa kwa kazi kama yako, kwa sababu onyo la ugonjwa wa mimea lina faida likifika leo, na likifika baada ya siku nne halina kazi.

Ila haki ni kukueleza na upande wa pili. Oktoba 2022 Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44, watu wengi sana waliikimbia na kuingia Mastodon, hata watumiaji wake wa kila mwezi wakafika takriban milioni 2.5. Baada ya miezi michache idadi ilishuka sana. Wengi walirudi Twitter, lakini si kwa sababu programu ya Mastodon ni mbaya. Walirudi kwa sababu walihama mmoja mmoja, wakafika na kukuta jirani, fundi, mteja na rafiki wamebaki kule walikotoka. Wafuasi wako 31 na wale wawili wa kijijini ni hali hiyohiyo. Usiyaone kama kushindwa kwako. Mtandao wa kijamii hauhamwi na mtu, huhamwa na kijiji, na kijiji hakihami kwa wiki tano.

Je, seva ikizimwa? Inatokea. Mwaka 2023 seva iliyoitwa mastodon.lol ilifungwa na mwenyewe aliyechoshwa na kuiendesha. Watumiaji wake walipewa taarifa miezi 3 kabla, wakapata muda wa kuhama. Kuhama kwenyewe kunafanana kidogo na kuhama mtandao wa simu kwa namba ileile, huduma tuliyoanza kuipata nchini Machi 2017, lakini kuna tofauti ambazo ni lazima uzijue mapema. Anwani yako itabadilika, kwa sababu jina la seva ni sehemu ya anwani. Wafuasi wako watahamishiwa akaunti mpya bila wao kufanya lolote, na orodha ya unaowafuata unaweza kuipakua na kuipandisha upya. Machapisho yako, hata hivyo, hayahami. Yanabaki kwenye seva ya zamani, na seva ikizimwa yanapotea nayo. Unaweza kuomba nakala yake mara moja kila baada ya siku 7, pamoja na picha ulizopandisha, lakini nakala hiyo ni ya kuhifadhi, huwezi kuirejesha kwenye akaunti mpya. Unaona kwa nini nilianza na ghala?

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa seva ambao kijana wako aliufanya kwa dakika moja unastahili jioni nzima. Fungueni ukurasa wa seva hiyo unaoeleza inahusu nini, msome kanuni zake, mtazame ni nani anayeiendesha na gharama zake zinalipwa na nani, kwa kuwa nyingi hutegemea michango ya watumiaji. Seva zinazotangazwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon zimekubali masharti kadhaa: kutunza nakala kila siku, kuwa na zaidi ya mtu mmoja anayeweza kuingia wakati wa dharura, kuzuia ubaguzi na matusi, na kutoa taarifa ya angalau miezi 3 kabla ya kufunga. Kama seva yenu haimo, ni afadhali mhame sasa ukiwa na wafuasi 31 kuliko baadaye ukiwa na 3,000. Jambo la kuzuia matusi msilipuuze, kwani seva inayovumilia watu wabaya hukatiwa mawasiliano na seva nyingine, na wewe usiye na kosa unajikuta umefungiwa pamoja nao. Wapo wengine watakaokushauri ufungue seva yako mwenyewe ya wakulima. Usifanye hivyo sasa. Inahitaji fundi wa kudumu, fedha za kila mwezi na mtu wa kusimamia yanayoandikwa, na kwa hapa kwetu ni lazima uulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu kanuni za maudhui mtandaoni.

Kuhusu ujumbe wa faragha, nakuomba uwe makini sana. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa usimbaji, yaani kugeuzwa mafumbo yanayosomeka kwa mwandikaji na mpokeaji peke yao; msimamizi wa seva ana uwezo wa kuusoma akitaka, wa seva yako na wa seva ya mwenzako. Tena upo mtego mdogo: ukimtaja mtu mwingine kwa anwani yake ndani ya ujumbe huo, hata kama ulikuwa unamsema tu, naye anaupokea. Kwa hiyo namba za simu, majina ya kupokelea pesa na makubaliano ya bei yasipite huko. Yapitisheni kwa kupigiana simu au kwa WhatsApp, ambayo ujumbe wake umesimbwa toka mwanzo hadi mwisho tangu mwaka 2016. Na hizo namba ambazo wakulima wamekwisha kukutumia kwa miaka yote hii, zinakuhusu kisheria: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Ziandike mahali salama, usimpe mnunuzi orodha bila wenyewe kuridhia, na asiyetaka kuwemo mfute.

Lawama ya mwenyekiti ninaiheshimu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mtu anayenunua kifurushi kinachofungua mitandao miwili mitatu tu hawezi kukufuata Mastodon hata akipenda, na asiye na simu janja hakuwahi kukufuata hata kule kwa zamani. Kaa naye, umweleze kwamba huondoki. Mpendekezee kwamba onyo la ugonjwa, likitokea, liende kwa njia tatu kwa siku moja: kwenye ukurasa wa zamani, kwenye Mastodon, na kwa ujumbe mfupi wa kawaida kutoka kwenye simu ya chama kwenda kwa wanachama walioridhia. Ujumbe mfupi hauhitaji kifurushi cha mitandao, na unafika hata kwenye simu ya kitochi. Kama utaratibu huu ungekuwepo mwezi Januari, jirani yako angelipata jibu. Naweka mkazo hapa kuliko kwingine kote katika jibu hili, kwa maana sisi tunaopenda teknolojia mpya mara nyingi tunasahau njia ya zamani isiyoharibika.

Ghala lako nalo, baada ya flashi na daftari, litafutie mahali pa kudumu kwenye wavuti. Chama kinaweza kusajili jina lake linaloishia na .co.tz na kuweka tovuti ndogo ya kurasa tano au sita: kupogoa, ubwiri unga, ubwiri vinyoya, mchwa, bei za misimu iliyopita, na namba ya ofisi. Ukibadilisha kampuni inayokuhifadhia tovuti, jina linabaki lilelile. Kisha kule Mastodon na kwenye ukurasa wa zamani uwe unaweka picha moja na mistari michache, pamoja na kiungo cha kuwapeleka watu kwenye maelezo kamili. Unaweza pia kusikia habari za Bluesky, ulioanza kama mradi ndani ya Twitter na kufunguliwa kwa watu wote Februari 2024. Nao una nia ya kugatua, lakini akaunti zake nyingi bado zinahifadhiwa na kampuni yenyewe, hivyo sioni sababu ya kukuongezea mzigo wa tatu.

Kwa Mastodon yenyewe, nakupa mazoea machache ya huko ambayo yatakusaidia kupata wasomaji. Watu hutafuta zaidi kwa alama ya reli kuliko kwa majina, hivyo kila chapisho liwe na #zabibu, #kilimo na #Dodoma. Chagua Kiswahili kama lugha ya chapisho, ili wanaosoma Kiswahili walione na mashine ya kutafsiri isikosee. Una herufi 500 na picha 4 kwa chapisho moja, na kila picha ina nafasi ya maelezo yanayosomwa na simu kwa wasioona. Huko hilo linachukuliwa kwa uzito, na chapisho lisilo na maelezo ya picha wengi hawalisambazi. Kwako wewe maelezo hayo ni kazi ileile unayoifanya shambani: kumwambia mtu hasa anachopaswa kukiona kwenye jani, unga mweupe upande gani, umeanzia wapi, umesambaa kiasi gani. Na huyo mkulima wa Ureno mshikilie. Ubwiri unga wanaujua Ulaya tangu karne ya 19, na salfa ndiyo waliyoupigia vita tangu wakati huo.

Picha ya kwanza ya kuweka ukimaliza haya yote ningependa iwe ileile ya salfa. Piga upya, mizani ileile ya jikoni, lakini safari hii weka pembeni mfuko wa dukani wenye jina la dawa ukisomeka, na jani moja lenye ubwiri. Andika kipimo kama kilivyo kwenye lebo, kwa bomba la lita 15. Weka kote kuwili, na kabla ya kulala mtumie jirani yako kipimo hicho kwa ujumbe mfupi.